Aliyeahidi Siye Anayelipa: Msamaha wa Kodi ya Majengo kwa Wanajeshi Walemavu wa Texas

Tangu wapiga kura wa Texas wapitishe Pendekezo la 7 tarehe 4 Novemba 2025, makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki wa Dallas, Houston na Killeen yamekuwa yakipokezana habari kwamba wajane wa wanajeshi sasa hawalipi kodi ya majengo. Kila aliyeipokea ameitia chumvi yake. Mmoja anasema serikali ya Marekani ndiyo itakayowalipia. Mwingine anasema hakuna haja ya kujaza chochote, kompyuta itamtambua mjane na kufuta deni. Si kweli. Pendekezo hilo linamhusu mume au mke aliyefiwa na mwanajeshi wa zamani ambaye kifo chake kilitokana na ugonjwa ambao sheria ya shirikisho inauchukulia moja kwa moja kuwa umetokana na utumishi jeshini. Ni kundi dogo, lenye masharti yake, na msamaha wenyewe haumfikii mtu mpaka auombe.

Makosa hayo ya maelezo yanasahihishika kwa dakika mbili. Kilichonisukuma kuandika ni dhana iliyo chini yake, ambayo hata magazeti makubwa huibeba bila kuikagua: kwamba nchi imewalipa wanajeshi wake. Nchi haikulipa kitu. Washington, yaani serikali ya shirikisho, ndiyo inayopima ulemavu wa mtu, Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, ndiyo inayotunga sheria ya msamaha, na mapato yanayopotea ni ya mji, kaunti na wilaya ya shule. Aliyempeleka kijana Iraq siye aliyeahidi kumsamehe kodi, na aliyeahidi siye anayelipa. Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayowashangaza watu kuhusu msamaha huu yanapata maelezo: kwa nini hakuna ofisi inayomtafuta anayestahili, kwa nini fomu zina masharti ya kuudhi, kwa nini mwenye asilimia 90 ya ulemavu anapata makombo huku mwenye 100 akipata mkate mzima, na kwa nini majirani wameanza kunung'unika.

Msomaji wa Dar es Salaam, anayekatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU kwa nyumba ya kawaida, huenda asione ukubwa wa jambo lenyewe. Marekani kodi ya majengo ni mzigo mzito, na serikali ya shirikisho haina hata kidole ndani yake. Inatozwa na mamlaka za chini: kaunti, mji, wilaya ya shule, wakati mwingine na hospitali ya kaunti au mamlaka ya maji. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo madarasa, polisi na zimamoto vinaegemea kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Hesabu hupigwa juu ya thamani ya nyumba sokoni, na thamani hiyo hupitiwa upya mara kwa mara. Mtu anaweza kumaliza mkopo wa benki akadhani amepumua, kumbe ataendelea kulipa maelfu ya dola kila mwaka ili abaki kwenye nyumba aliyoinunua mwenyewe. Asipolipa, riba na faini vinapanda, na mwisho wa yote nyumba huuzwa kwa mnada.

Kwa kuwa kodi ni ya mamlaka za chini chini ya sheria za majimbo, kila jimbo lina huruma ya kiwango chake. Texas, tangu 2009, humsamehe kodi yote ya makazi yake makuu mwanajeshi wa zamani anayelipwa fidia ya asilimia 100, iwe ni kwa kupimwa asilimia hiyo au kwa kutambuliwa kwamba hawezi kushika kazi ya kumkimu kwa sababu ya ulemavu wake. Virginia ilifanya hivyo kwa marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 2011, lakini inataka ulemavu uwe kamili na wa kudumu. Florida na Maryland nazo zinadai neno hilo la kudumu. Minnesota haisamehi yote: hupunguza dola 300,000 kwenye thamani ya nyumba ya mwenye ulemavu kamili wa kudumu, na 150,000 kwa aliye na asilimia 70 na kuendelea. California hupunguza kiasi ambacho msingi wake ni dola 100,000, kikipandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Jimbo la Washington, lililo pwani ya magharibi, linaangalia pia kipato cha kaya. Kwa hiyo ndugu wawili waliojeruhiwa siku moja, kwenye gari moja, mmoja akatua Houston na mwingine Seattle, wanaweza kuishi na bili zisizofanana hata kidogo. Anayekuambia «wanajeshi walemavu hawalipi kodi Marekani» anazungumzia nchi ambayo haipo.

Jambo hili linatugusa wenyewe. Mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusimama 2016, uliwachukua jeshini wageni wenye visa halali waliokuwa na ujuzi wa tiba au lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Waliojiunga walipata uraia kwa njia ya mkato. Kabla yao na baada yao kuna Wakenya, Watanzania, Wakongomani na Warundi walioingia jeshini wakiwa na kadi ya kijani. Wengi walipelekwa Fort Hood au Fort Bliss, wakaijua Texas, wakaona nyumba ni nafuu kuliko Maryland, wakanunua. Leo wako kwenye miaka ya thelathini na arobaini, migongo imeanza kugoma, magoti yanalia, usiku hawalali. Hao ndio wanaonitumia maswali, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni lilelile: «Kaka, mimi niko 90, mbona nimepunguziwa kidogo hivi?»

Jibu liko kwenye hesabu mbili zisizoonana. Ya kwanza ni ya VA, wizara inayosimamia mafao ya wanajeshi wa zamani. VA haijumlishi asilimia za ulemavu kama dukani. Mwenye 50 kwa mgongo na 30 kwa bega hapewi 80. Wizara huanza na 50, kisha huchukua 30 ya nusu iliyobaki, ikapata 65, na kuipandisha hadi 70. Kadiri unavyopanda ndivyo ngazi inavyozidi kuteleza. Aliye na 90 kamili akiongezewa asilimia 10 ya mlio masikioni anafika 91, nayo inashushwa tena hadi 90. Ili avuke, anahitaji ulemavu mwingine wa asilimia 50 uongezwe juu, hapo ndipo hesabu inagusa 95 na kupandishwa kuwa 100. Watu wanadhani kati ya 90 na 100 kuna hatua moja. Kuna mlima.

Hesabu ya pili ni ya Texas. Aliye chini ya 100 anapunguziwa sehemu ya thamani ya mali: dola 5,000 kwa asilimia 10 hadi 29, dola 7,500 kwa 30 hadi 49, dola 10,000 kwa 50 hadi 69, na 12,000 kwa 70 na kuendelea. Kinachokatwa ni thamani, si bili. Tuweke mfano. Nyumba ina thamani ya dola 300,000, mahali ambapo viwango vyote vikijumlishwa ni asilimia 2: 1.1 ya shule, 0.9 ya mji, kaunti na wengineo. Tuache punguzo za hiari ambazo baadhi ya kaunti hutoa. Makazi makuu ya mtu yeyote, awe alivaa gwanda au hakuvaa, hupunguziwa dola 140,000 upande wa shule, kwa hiyo shule inatoza dola 1,760 na wengine wanatoza 2,700. Jumla ni 4,460. Mwenye asilimia 90 anatolewa thamani ya 12,000, ambayo kwa kiwango hicho ni nafuu ya dola 240 kwa mwaka. Atalipa 4,220. Jirani yake mwenye 100 hatoi hata senti. Tazama pia kwamba punguzo la kawaida la kila mwenye nyumba lilipanda kutoka 100,000 hadi 140,000 kwa kura ileile ya Novemba 2025, ilhali hizo dola 12,000 za askari hazikuguswa. Hakuna aliyelipigia kelele jambo hilo, kwa sababu kelele zote zilikuwa kwenye maneno «mjane» na «shujaa».

Nilisema Pendekezo la 7 halijaeleweka. Msingi wake ni sheria ya PACT iliyotiwa saini Agosti 2022, ambayo iliongeza magonjwa mengi, yakiwemo saratani kadhaa na maradhi ya mapafu, kwenye orodha ya yale yanayochukuliwa kuwa yametokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine za vitani. Kabla ya hapo, mjane wa Texas alirithi msamaha hasa kama mumewe alikuwa tayari na asilimia 100, au kama alifia kwenye utumishi. Sasa chukua mwanajeshi aliyerudi kutoka kambi ya Balad nchini Iraq, akakohoa miaka mitano, akafa kwa saratani kabla hajawahi kudai kitu. Mkewe alikuwa anaachwa nje. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, mlango umefunguliwa kwa ajili yake. Ni sheria nzuri. Lakini sharti la kutoolewa tena lipo, sharti la kuishi kwenye nyumba hiyo lipo, na kwa desturi zetu yote mawili yana uzito. Nimeona jinsi ndugu wanavyokutana baada ya matanga na kuamua, kwa nia njema kabisa, kwamba mama asiachwe peke yake, nyumba ipangishwe, yeye ahamie kwa kaka yake Minnesota. Siku anayohama kwa kudumu, nyumba hiyo si makazi yake makuu tena. Texas ingemruhusu mjane wa mwanajeshi wa asilimia 100 kuhamishia nafuu yake kwenye nyumba nyingine ndani ya jimbo, kwa kiasi kilekile cha dola, endapo tu kikao cha familia kingeuliza kabla ya kufungasha.

Na kuuliza ni wapi? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mkenya aliyewahi kufuatilia cheti cha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ili KRA imsamehe kodi ya mapato ataujua mwendo huu: anayepima ni mmoja, anayesajili ni mwingine, anayesamehe ni wa tatu, na wewe ndiye mjumbe kati yao. VA hutoa barua ya muhtasari wa mafao inayoonyesha asilimia yako, na unaweza kuipakua mtandaoni bure. Barua hiyo haiendi yenyewe popote. Texas unaipeleka ofisi ya tathmini ya kaunti, ile inayopanga thamani za nyumba, si kwa mkusanya kodi anayekutumia bili. Florida ni kwa mthamini wa kaunti, na tarehe ya mwisho ni 1 Machi. Maryland ni idara ya jimbo. Texas fomu inatakiwa kabla ya Mei, lakini sheria inamruhusu mwanajeshi mlemavu kuomba kwa kuchelewa na kurudishiwa alicholipa katika miaka kadhaa iliyopita. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu VA huweza kuchukua miezi au miaka kutoa uamuzi, kisha ikaurudisha nyuma hadi tarehe ya ombi. Aliyepewa 100 leo kwa tarehe ya miaka miwili nyuma anaweza kuwa anadai maelfu ya dola kwenye kaunti yake, na kaunti haitamwandikia barua ya kumkumbusha.

Masharti madogo ndiyo yanayoangusha watu wazima. Texas inataka anwani kwenye leseni ya udereva ilingane na ya nyumba, na kuna watu wanaotembea na leseni yenye anwani ya kambi waliyoondoka zamani. Inataka aliyeomba awe mmiliki. Sisi tuna mazoea ya kununua nyumba kwa jina la ndugu mwenye rekodi nzuri ya mikopo, au kuweka majina mawili ya ndugu kwenye hati. Ukimiliki nusu na kaka yako, msamaha unafuata sehemu yako tu. Mke au mume hahesabiwi hivyo. Ada za chama cha wakazi hazisamehewi, wala tozo za eneo maalum la maendeleo ambazo mitaa mipya hubeba, kwa sababu kisheria si kodi. Na ukishakubaliwa, benki yenye mkopo wako inaweza kuendelea kukukata fedha za kodi kila mwezi kana kwamba hakuna kilichobadilika, mpaka uidai ipige hesabu upya. Kuhusu wale wanaokupigia simu wakitaka sehemu ya mafao yako ili «wakupandishie asilimia»: sheria ya shirikisho hairuhusu kutoza ada kwa kumwandalia mtu ombi lake la kwanza VA, ila adhabu ya jinai iliondolewa 2006 na soko likafurika. Kaunti nyingi za Texas zina afisa wa wanajeshi wa zamani ambaye kazi yake ni kufanya jambo hilo bure, na vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion vinafanya hivyo pia.

Sasa tuje kwa wapinzani, maana wapo, na si wote wabaya. Hoja yao inayosikika zaidi ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote: kwamba hawa watu wanaonekana wazima. Anakimbia asubuhi, anaendesha gari kubwa, ana kazi ofisini, halafu eti mlemavu wa asilimia 100. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Kipimo cha VA hakijawahi kuwa kipimo cha kama mtu anaweza kutembea. Kwa mujibu wa kanuni zake, kinakadiria kiasi ambacho jeraha la aina fulani hupunguza uwezo wa kujipatia kipato kwa wastani wa watu, si kwa mtu huyu mmoja. Mwenye 100 kwa jumla ya madhara yake anaruhusiwa kufanya kazi. Ni yule aliyelipwa kwa kigezo cha kutoweza kushika kazi ndiye aliyewekewa mipaka ya kipato. Na madhara yenyewe mengi hayaonekani: kiwewe cha vita, jeraha la ubongo lililotokana na mlipuko, figo zilizochoka. Sisi tuliokulia kwenye jamii ambapo mwenye maradhi ya akili huambiwa ana mapepo au anadeka tungepaswa kuwa wa mwisho kutumia macho kama kipimo cha ulemavu. Wadanganyifu wapo, kama walivyo kwenye kila mfuko wa fedha za umma, na dawa yao ni uchunguzi wa VA. Kumnyima mjane wa saratani ya mapafu hakumkamati hata mmoja wao.

Hoja ya pili ina nyama kidogo. Inasema mwanajeshi huyu tayari amelipwa. Mwaka 2025 mwenye asilimia 100 asiye na wategemezi alipata dola 3,831 kwa mwezi, zisizotozwa kodi ya mapato. Ukiongeza msamaha wa kodi ya majengo, unalipa jeraha moja mara mbili. Nakubali kwamba kuna kuongezana hapo, na sidhani heshima kwa askari inatuzuia kulisema. Lakini fidia hiyo hupanda kwa kufuata mfumuko wa bei wa nchi nzima, ilhali thamani ya nyumba Austin au Frisco huenda kwa mwendo wake yenyewe. Mtu asiyeweza tena kubadili kazi au kuongeza saa ili kufidia ongezeko la kodi ndiye anayefukuzwa kwanza na soko. Msamaha, hata kama ni malipo ya pili, unalinda kitu ambacho malipo ya kwanza hayakukilenga: kubaki ulipo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, na ndiyo watetezi wa msamaha hukwepa kuijibu. Nenda Killeen, Harker Heights au Copperas Cove, miji inayozunguka Fort Hood. Kambi yenyewe ni ardhi ya shirikisho, hailipi kodi ya majengo. Wanajeshi wanapomaliza muda wao hubaki karibu, kwa sababu hospitali ipo, marafiki wapo, nyumba ni nafuu. Miongoni mwao wenye asilimia 100 ni wengi, na idadi yao kitaifa, ambayo imeshavuka milioni moja, inapanda kila mwaka hasa baada ya PACT. Kila nyumba inayosamehewa hutoka kwenye hesabu za mji, lakini barabara mbele yake bado inahitaji lami, na moto ukizuka gari la zimamoto litaitwa. Mji una njia mbili: kupunguza huduma au kuwabebesha waliobaki. Waliobaki ni nani? Mara nyingi ni sajini wa zamani mwenye asilimia 60, muuguzi mpangaji ambaye kodi ya mwenye nyumba imepenyezwa kwenye pango lake, na mjane wa fundi bomba ambaye hakuna aliyempigia kura ya msamaha. Shule zina ahueni, kwa sababu fomula ya jimbo huongeza msaada thamani inayotozwa inapopungua. Miji na kaunti hazina kinga hiyo. Texas ilipitisha sheria 2015 ya kufidia baadhi yake, lakini fungu lililotengwa halitoshi, kwa hiyo Killeen na wenzake hupata sehemu tu ya wanachopoteza. Na mji usiopakana na kambi hauhesabiwi kabisa, hata kama mitaa yake imejaa wanajeshi wa zamani. Illinois, ambako aliye na asilimia 70 tu aliweza kusamehewa kodi yote, malalamiko ya namna hiyo yalisikika kwenye miji iliyo karibu na Scott Air Force Base, na jimbo likaishia kuweka ukomo wa thamani inayosamehewa.

Watetezi husema: huo ni ubahili, hawa walitoa miili yao. Ndiyo, walitoa miili yao, lakini waliitoa kwa ajili ya Marekani nzima. Hakuna kikao cha baraza la mji wa Killeen kilichopiga kura ya kwenda Baghdad. Kama deni ni la taifa, kwa nini bili inapelekwa kwa mitaa iliyokuwa karibu na kambi? Mtaa tajiri wa kaskazini mwa Dallas, wenye wanajeshi walemavu wachache, unatoa mchango mdogo kwenye deni hili kuliko Killeen maskini. Haya ndiyo matokeo ya kuahidi kwa mfuko wa mwingine: ahadi inakuwa rahisi kutoa, kila kikao cha bunge la Austin kinaweza kuongeza kundi jipya la wanaosamehewa na wabunge wakapigiwa makofi, na bajeti ya jimbo isitetereke.

Muundo huo unazaa pia dhuluma ya upande mwingine. Msamaha wa Texas hauna kikomo: kwa viwango vya mfano wetu, mwenye jumba la dola milioni mbili anasamehewa zaidi ya mara nane ya mwenye nyumba ya 300,000 kwa jeraha lilelile, na mwenye asilimia 100 anayeishi kwenye chumba cha kupanga Houston hapati chochote. Kwa wanajeshi wahamiaji, ambao wengi walianza maisha ya Marekani bila mtaji na bado wanatuma fedha nyumbani kila mwezi, uwezekano wa kuwa kwenye kundi hilo la mwisho si mdogo. Ndiyo maana naona Minnesota, kwa kuweka kikomo na kuanzia asilimia 70, imefikiri vizuri zaidi kuliko Texas iliyofikiri kwa ukarimu zaidi. Florida nayo ina kipande kimoja cha kuigwa: mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, aliyejeruhiwa kwa sababu za mapambano, hupunguziwa kodi kwa asilimia ileile ya ulemavu wake. Ana 60, anapunguziwa 60. Hakuna genge la kutumbukia kati ya 90 na 100, na kwa hiyo hakuna kichocheo cha mtu kutumia miaka mitatu akikata rufaa kwa ajili ya pointi tano.

Bunge la Texas litakutana tena Januari 2027, na bila shaka kutakuwa na miswada mipya ya kuongeza misamaha, kwa sababu hakuna mbunge anayepoteza kiti kwa kumwonea huruma askari. Swali la kuwauliza ni kama jimbo litalipa kwa ukamilifu kile linachoahidi, kwa kila mji na kila kaunti, bila sharti la kupakana na kambi. Likilipa lenyewe, mengine yatafuata kwa haraka kuliko tunavyodhani. Litataka kujua linalipa nini, kwa hiyo litaweka kikomo kwenye majumba ya mamilioni. Likiweka kikomo, litapata nafasi ya kunyoosha ngazi kati ya 70 na 100. Na kwa kuwa VA tayari inajua asilimia ya kila mtu, na ofisi ya tathmini tayari inajua nani anamiliki nyumba gani, litakosa kisingizio cha kutooanisha orodha hizo mbili ili anayestahili apelekewe fomu iliyokwisha kujazwa nusu.

Lisipolipa, mamlaka za chini zitajilinda kwa silaha pekee iliyobaki mikononi mwao, yaani makaratasi. Tangu 2023 sheria ya Texas inazitaka ofisi za tathmini zihakiki kila msamaha wa makazi walau mara moja kila miaka mitano. Uhakiki wenyewe ni wa haki, lakini barua yake hutumwa kwa posta, kwa Kiingereza cha kisheria, kwenye nyumba ambayo huenda mwenyewe amelazwa hospitali ya VA kwa wiki sita au mjane wake yuko Arusha kwenye arobaini. Kutojibu kunaweza kumaanisha msamaha kufutwa. Kwa hiyo, wakati tukingoja busara za Austin, mwenye barua hiyo mezani aijibu wiki hii, na mwenye asilimia 100 ambaye hajawahi kuomba achukue leseni yake ya udereva, aangalie anwani iliyoandikwa hapo, kisha aende ofisi ya tathmini ya kaunti yake.